Shangazi Baridi na Gari la Manukato Manne

Shangazi yangu ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu hata yeye ndiyo salamu yake kwa mteja mpya: "Karibu. Mimi ni mwoga, nikisema toka hapo wewe toka, maswali baadaye." Anaogopa radi. Anaogopa ngazi za umeme za kwenye maduka makubwa, yaani anasimama pale chini anaziangalia kama mtu anayetaka kuvuka mto wenye mamba, mwisho wake anazunguka kupanda ngazi za kawaida ghorofa tatu huku anahema. Anaogopa mende. Jamani, mende! Halafu huyu huyu ndiye anashinda mchana kutwa ameinamia mabomba yenye gesi iliyobanwa mpaka ikipata upenyo inaweza kuondoka na jicho la mtu. Na sitii chumvi. Jicho lake la kushoto liliondoka hivyo hivyo.

Ni fundi wa AC za magari. Mtaa mzima unamwita Baridi, na watoto wa ndugu tunamwita Shangazi Baridi. Ana kibanda chake cha bati kwenye gereji ya mafundi watatu, na ukutani kaandika methali kwa rangi ya gari iliyobaki: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wateja wakiisoma wanacheka. Yeye hacheki.

Habari hii mimi sikuwepo ilipotokea. Nimeisikia kwa shangazi, nimeisikia kwa jirani yake wa gereji, nimeisikia kwa mwalimu mwenyewe aliyeileta balaa, na ajabu ni kwamba wote watatu wanasimulia kitu kimoja. Ila kila mmoja akifika mahali fulani sauti inapungua.

Sasa sikia kwanza AC inavyofanya kazi, maana bila hili hutaelewa walichokuwa wanaogopa.

Wengi tunadhani ile mashine inatengeneza baridi. Shangazi anasema baridi haitengenezwi, ni joto ndilo linahamishwa. Chukua tambara, fyonza maji sakafuni, toka nje ulikamue, rudi ufyonze tena. Basi gesi ndiyo tambara. Nyuma ya dashibodi kumejificha kifaa chenye mapezi membamba kama meno ya kitana, wenyewe wanakiita evapo. Gesi ikipita humo inafyonza joto la ndani ya gari, na feni inakupulizia hewa iliyobaki imepoa. Kisha kompresa, ambayo inazungushwa na mkanda wa injini, inaibana ile gesi mpaka inakuwa ya moto kweli kweli, inaisukuma kwenye kondensa kule mbele ya rejeta. Huko joto linakamuliwa nje, upepo unalichukua, gesi inageuka maji. Maji hayo yanapenyezwa kwenye kitundu kidogo sana, na yakitokea upande wa pili yanapanuka ghafla yanakuwa baridi ya kufa mtu. Ushawahi kupuliza kopo la manukato muda mrefu mpaka vidole vikaganda? Ndiyo hiyo. Halafu yanaingia tena kwenye evapo, safari inaanza upya.

Kwa hiyo kuna upande wa presha ndogo, bomba lake linatoa jasho la baridi, na kuna upande wa presha kubwa, bomba lake ukilishika unaruka.

Shangazi alipokuwa na miaka ishirini, fundi aliyekuwa anamfundisha alikuwa shujaa. Hakuvaa glavu, hakuvaa miwani, alikuwa anasema vitu hivyo ni vya maharusi. Siku moja akafunga kopo la gesi upande wa presha kubwa huku injini inanguruma. Badala ya kopo kulijaza gari, gari likaanza kulijaza kopo. Shangazi alikuwa kashika tochi, kainama karibu. Anasema aliliona kopo linavimba tumbo, akafungua mdomo aseme, na ndilo jambo la mwisho jicho lile liliona vizuri. Gesi ikiwa maji haiunguzi kama moto. Inagandisha. Sasa hivi jicho limekuwa jeupe kama maziwa, linaona mwanga na kivuli basi.

Daktari akamwambia: lililobaki litunze, halina mwenzake.

Tangu siku hiyo akiwa kazini havui miwani. Na siyo miwani ya urembo, ni ile mikubwa ya plastiki inayobana uso mzima. Jirani yake wa gereji, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye jina lake kwa wote ni Cheche, anasema akiivaa anafanana na chura anayesubiri mvua. Miwani ile inalinda jicho zima, na pia inaficha lile bovu. Cheche mwenyewe miaka sita ya ujirani alikuwa hajawahi kuliona.

Na ana masharti. Gari likiingia, kabla hajagusa boneti anauliza: nani aliigusa AC hii kabla yangu, aliweka nini, na lini. Gesi ya zamani haachilii hewani kama wengine, anaivuta kwa mashine mpaka ndani ya mtungi wake. Halafu anawasha pampu ya kunyonya hewa nusu saa nzima, anazima, anakaa kuangalia kama mshale wa geji utatulia, maana ukipanda kuna mahali panavuja. Ndipo anajaza gesi mpya kwa kupima kwenye mizani, na anajaza upande wa presha ndogo tu. Na sharti la kwanza kuliko yote: hakuna mtu ndani ya gari. Hata awe nani. Mheshimiwa mmoja aliwahi kukataa kushuka, shangazi akaenda zake kunywa chai mpaka mheshimiwa akashuka mwenyewe.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, jua limeshikilia bati la kibanda mpaka linalia. Likaingia gari dogo la kijivu, la zamani, madirisha yote yako wazi. Akashuka mwanamume wa makamo, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. Mwalimu wa sayansi wa sekondari. Kiti cha nyuma amelala bintiye wa miaka mitano, kajikunja kama paka, mdomo wazi. Nyumbani wanamwita Kidole, kwa sababu hajawahi kukiona kitufe akakiacha.

"Fundi, AC imegoma," mwalimu akasema. "Inapuliza tu, kama mtu mwenye njaa anavyopiga miayo."

"Nani aliigusa kabla yangu?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Fundi, mimi ni mwalimu wa sayansi. Nimpe nani gari langu alichezee?"

Shangazi akaangalia kioo cha kati. Pale palikuwa pananing'inia manukato. Siyo moja. Manne! La ndimu, la waridi, na mawili ambayo hata haijulikani ni ya nini. Anasema aliwaza, huyu baba anapenda kunukia, basi akaendelea. Lile wazo analijutia mpaka leo.

"Mtoto ashuke," akasema.

"Fundi, nakuomba. Tumetoka hospitali sasa hivi, usiku kucha homa haikumwacha alale. Ndiyo kwanza kafumba macho. Dakika tano tu."

Pembeni kule, nyuma ya ukuta wa bati usiofika chini, Cheche alikuwa anakata chuma cha geti. Moshi na vumbi lake vikawa vinakuja. Mwalimu akakohoa, akaingiza mkono, akazungusha ufunguo kidogo, akapandisha madirisha ya umeme yote manne ili mwanawe asivute ule uchafu, akafunga mlango. Ufunguo akauacha pale pale. Kidole akaamka nusu, akanyoosha mkono, akabonyeza chini vitufe vya kufuli, kimoja, kingine, akajisogeza mbele akamaliza vyote, akarudi kujilaza.

Mwalimu akacheka. "Ndivyo anavyofanya siku zote nikishuka. Anasema anazuia wezi."

Shangazi naye akacheka kidogo. Akaacha. Yaani sharti la miaka ishirini, siku hiyo akaliacha kwa sababu ya homa ya mtoto wa watu. "Neno hapana lilikuwa limeshafika mdomoni," huwa ananiambia, "nikalimeza."

Akafungua boneti, akavaa glavu, injini imezimwa, akafunga mabomba ya geji. Mishale ikapanda, ikasimama. Sawa, gesi ipo. Akageuka kuchukua tochi, alipogeukia tena geji, mishale imeshuka. Kidogo tu. Akadhani macho. Akajicheka, macho gani, jicho. Akakaza kuangalia. Inashuka. Taratibu, bila haraka, kama maji ya ndoo yenye ufa.

Gesi inatoka. Sasa hivi hii. Inatokea wapi?

Akachukua povu la sabuni, akapaka viungo vyote, kimoja kimoja. Mahali panapovuja huwa panatoa mapovu kama mdomo wa kaa. Akapaka kompresa, akapaka kondensa, akapaka mabomba. Hakuna povu hata moja lililocheza. Mishale inazidi kushuka. Na mahali pekee asipoweza kupaka sabuni ni pale nyuma ya dashibodi, kwenye evapo.

Ndani ya gari. Madirisha yamefungwa. Mtoto amelala chini chini.

Gesi ya AC, hata ile nzuri ya dukani, ni nzito kuliko hewa. Inakaa chini, inaisukuma hewa juu, na wewe uliyelala huna habari. Lakini kuna kitu kingine kilikuwa kinamkwaruza, na aligeuka akayatazama tena yale manukato. Manne. Mtu anaweka manukato manne anaficha nini?

Chini ya kila gari lenye AC kuna kijibomba kinachodondosha maji, yale matone unayoyaona gari likisimama. Kijibomba hicho kinatoka moja kwa moja kwenye evapo. Shangazi akalala sakafuni, akajivuta chini ya gari, akasogeza pua.

Harufu ya jikoni.

Ile harufu unapofungua jiko la gesi halafu kiberiti kinagoma. Ile ile.

Anasema alibaki amelala pale, na kutoka pale chini aliona kitu ambacho mtu aliyesimama asingekiona. Kwenye uwazi wa chini ya ukuta wa bati, cheche za jirani zilikuwa zinaruka, zinadunda kwenye saruji, zinabingirika kuja huku. Nyingine zilizimika hatua sita kutoka kwenye tairi. Nyingine tano. Moja ilikuja mbali zaidi, nyekundu, ikawa inafifia taratibu huku anaitazama.

Akatoka chini ya gari. Hakupiga kelele. Akamsogelea mwalimu, sauti ya chini kabisa.

"Mwalimu. Nakuuliza mara ya pili na ya mwisho. Nani aliigusa?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Shemeji yangu," akasema. "Mwezi uliopita. Alijaza kwa mtungi wa jikoni. Alisema inapoza kuliko ya dukani."

"Na harufu?"

"Ilianza wiki hii. Mke wangu akawa analalamika. Nikaona aibu, fundi. Mimi nafundisha mambo haya darasani."

Mficha maradhi, kilio humuumbua, wazee hawakukosea. Ila shangazi hakuwa na muda wa methali. Akamwona mwalimu anachomoa simu mfukoni.

"Rudisha! Usiguse simu. Usiguse gari. Usiguse chochote chenye umeme. Taa ya ndani inawaka mlango ukifunguliwa?"

"Hapana, ilikufa mwaka jana, nimekuwa nikipanga kuitenge..."

"Mungu akubariki kwa uvivu wako. Simama hapo."

Akakimbia. Mtu ambaye hapandi ngazi za umeme alikimbia kuelekea kwenye cheche. Akamwita jirani, jirani hasikii, ana barakoa ya chuma usoni na mashine inapiga mayowe. Kumshika bega ghafla huku anakata ni kumfanya ajikate mkono. Basi akapitiliza mpaka getini, kwenye swichi kubwa ya gereji nzima, akaishusha chini kwa mikono miwili.

Gereji yote ikanyamaza.

"Nani huyo?" Cheche akavua barakoa. "Baridi! Umekosa kazi leo? Chuma kilikuwa kinakubali..."

"Cheche, usiwashe kitu. Gari langu limejaa gesi ya kupikia na kuna mtoto ndani."

Cheche ni jitu la watu, mabega kama kabati, na hana jambo asilolifanyia utani. Anasema siku hiyo utani ulimkauka kooni. Aliitazama sigara iliyokuwa sikioni kwake, ambayo hata haijawashwa, akaiweka chini polepole kama mtu anayeweka yai.

Na sasa sikia kilichotokea. Kelele zile ndizo zilikuwa zinambembeleza mtoto. Kimya kilipoingia tu, Kidole akaamka.

Akakaa. Akapikicha macho. Akamwona baba yake nje ya kioo.

"Baba, nasikia joto."

"Fungua mlango mwanangu," mwalimu akasema, na sauti ikamkatika katikati. Mtoto akimwona baba yake yuko hivyo naye anaanza kuogopa, na mtoto akiogopa anafanya lile analolijua. Kidole akapenya katikati ya viti, akafika mbele, akapiga magoti kwenye kiti cha dereva. Mbele yake vitufe vyote. Feni. Honi. Redio. Madirisha. Na ufunguo umezungushwa nusu, umeme upo. Feni ile ya gari la zamani, ikianza kuzunguka, ndani yake huwa inatoa vicheche vidogo vya umeme. Shangazi amezifungua mia, ameviona kwa jicho lake.

"Nawasha feni," Kidole akasema.

Mwalimu akanyakua spana ya magurudumu, akainyanyua avunje kioo. Shangazi akamdaka mkono. "Chuma hapana! Ikigonga ile fremu itatoa cheche. Cheche!" akamwita jirani bila kugeuka, na hakuna aliyecheka. "Niletee nyundo ya mbao. Nisipoweza mpaka ufike, tunavunja."

Akajisogeza kwenye kioo. Uso kwa uso na mtoto.

Kidole akapiga yowe. Maana alichoona ni chura mkubwa wa plastiki kabandika uso kwenye dirisha. Akarudi nyuma, mgongo ukagonga usukani, kiwiko kikapita sentimita mbili juu ya honi.

Shangazi alielewa. Anasema alielewa na mwili wote ukakataa. Hapo yuko hatua sifuri na gari lililojaa gesi, vioo pande zote, likilipuka, kitu cha kwanza kumfikia ni vioo vile. Jicho moja, halina mwenzake. Akapapasa kisogoni kutafuta mkanda wa miwani. Alipoupata, akaivua. Akaiweka juu ya paa la gari.

Kidole akaacha kulia. Akashangaa.

"Jicho lako lina nini?"

Kwa miaka ishirini swali hilo shangazi amelikimbia. Kwenye basi anakaa upande wa dirisha la kushoto. Kwenye picha za familia anageuza uso, nenda kaziangalie albamu zetu zote, shangazi ni nusu uso.

"Lina barafu," akasema.

"Barafu ya kweli?"

"Ya kweli. Iliingia ikakataa kutoka."

"Muongo wewe." Lakini mkono ulikuwa umesimama hewani, kidole kimoja kiko karibu na kitufe cha feni kabisa. "Linayeyuka?"

"Haliyeyuki. Ukiligusa ni baridi. Si unasikia joto wewe?"

"Nasikia."

"Basi njoo uliguse. Ila kioo kinazuia. Unakiona kile kitufe cha kuzuia wezi? Kile kilicho mlangoni?"

"Kile cha juu juu?"

"Hicho hicho. Kivute juu kwa kidole kimoja tu. Kile kidole chako hodari. Kingine chochote usikiguse, barafu inaona haya, itakimbia."

Mtoto akamwangalia baba yake. Mwalimu alikuwa kasimama na mikono kichwani, kisha akajilazimisha kutabasamu, na Cheche aliyekuwa amefika na nyundo ya mbao anasema hajawahi kuona tabasamu baya kama lile maishani. Kidole akageuka tena kwa dashibodi.

"Nikiwasha feni kwanza halafu..."

"Inayeyuka!" shangazi akasema. "Ee, naisikia inaanza kuyeyuka, wahi!"

Mtoto akaruka kwenye mlango. Akakishika kitufe, kikateleza. Akakishika tena. Jasho la homa limemlowesha vidole. Kikateleza. Cheche akanyanyua nyundo. Shangazi akanyoosha kiganja, subiri, subiri. Kidole akafuta mkono kwenye gauni, akauma ulimi kwa bidii, akavuta.

Kak.

Shangazi anasema hakumbuki kufungua mlango. Anakumbuka harufu ilivyomwagika miguuni kwake, nzito, na mtoto begani, moto kama mkate, na yeye anakimbia kwenda getini huku anapiga kelele "Nyuma! Wote nyuma!" Cheche akafungua milango mingine mitatu kwa kuingiza mkono tu, pumzi kaibana, kila mmoja polepole, akaiacha wazi upepo upite. Kisha akakimbia naye.

Walikaa nje ya geti, ng'ambo ya barabara, saa nzima na zaidi. Hakuna aliyewasha hata simu mpaka walipofika duka la pili, ndipo wakawapigia zimamoto. Wakaja na kifaa cha kunusa gesi, wakazunguka gari, wakasema gesi iliyobaki kwenye mabomba wataiondoa wao. Shangazi hakuruhusu iingie kwenye mashine yake, kwa sababu mashine ile inabana, na gesi ya jikoni iliyochanganyika na hewa ukiibana umejiandalia mazishi.

Akiwa pale ng'ambo, muuza duka akamletea maji. Hakuweza kuyanywa. Cheche akamshikia kikombe kama mtu anayemnywesha mgonjwa, akamwangalia usoni muda mrefu, na ndipo shangazi akakumbuka miwani iko juu ya paa la gari.

"Kumbe ndiyo ulikuwa unaficha hicho tu?" Cheche akasema. "Miaka sita nadhani una makengeza."

Shangazi akacheka. Akacheka mpaka akaanza kulia, na Kidole aliyekuwa bado mapajani kwake akanyoosha kile kidole akaligusa kope la kushoto, taratibu.

"Si baridi," akasema kwa kisirani. "Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Baba anasema kudanganya ni vibaya."



Gari lile lilirudi baada ya wiki mbili, shangazi akalitengeneza: evapo mpya, mabomba yamesafishwa, gesi ya dukani iliyopimwa kwenye mizani, na hakuna hata manukato moja kiooni. Lilipoingia tena wiki iliyofuata, kukaguliwa tu, shangazi alisimama mbele ya boneti, miwani usoni, glavu mkononi, akauliza kama kawaida:

"Nani aliigusa AC hii kabla yangu?"

Mwalimu akanyoosha mkono juu. Kabisa, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. "Ni wewe, fundi, wiki iliyopita. Kabla yako shemeji, miezi miwili iliyopita, gesi ya jikoni, gramu sijui. Na kabla ya shemeji nilifungua mwenyewe nikaishia kufunga."

Shangazi bado ni mwoga. Wiki jana kaona mende kibandani akapanda juu ya kompresa mbovu, Cheche akaja kumwokoa na ndala. Na madirisha ya gari sasa anayashusha yeye mwenyewe kwa mkono wake, yote manne, kabla hata hajaitikia salamu. Mtoto akilala, anamwamsha. Akilia, alie.

Kidole naye akija anajua mahali pake: benchi la nje, karibu na geti, mbali na vitufe. Ila kila mara kabla hajakaa anamsubiri shangazi asogee mpaka pale kwenye benchi, mbali na magari, anamwambia, "Vua," na shangazi anavua. Mtoto anaangalia kwanza kama barafu bado ipo, ndipo anakaa.